Kivuko cha Lamarque: uchambuzi wa siku moja ya baiskeli kwenye mlango wa Gironde

Kisa ninachokichambua hapa ni kidogo kikipimwa kwa hasara: waendesha baiskeli watatu walikosa kivuko, wakalala mahali ambapo hawakupanga kulala, na wakalipia vyumba mara mbili kwa usiku mmoja. Hakuna aliyeumia. Nimeona kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu siku ile ilikuwa na kila dalili ya kwenda vizuri, yaani umbali mfupi, barabara tambarare, upepo wa mgongoni na mbingu kavu, na bado tuliumaliza muda wetu wote wa akiba bila hata mmoja wetu kutambua kwamba ulikuwa ukitumika.

Mimi ninaishi Bordeaux, Ufaransa, kwa mwaka wa nane sasa. Mjomba wangu, aliyevua samaki upande wa Mtongwe, Mombasa, kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kumwachia mwanawe mtumbwi, alikuwa amekuja kumtazama binti yake, binamu yangu, anayesoma hapa. Ulikuwa mwisho wa Septemba, kipindi cha mavuno ya zabibu. Mjomba hanywi mvinyo na wala hakutaka kuonyeshwa maghala yake. Alichotaka ni kuona nchi akiwa juu ya baiskeli, chombo alichokitumia maisha yake yote kupeleka samaki sokoni. Kwa hiyo nguvu zake hazikuwa na shaka, na katika uchambuzi huu naomba msomaji asizihesabu kuwa chanzo cha ucheleweshaji. Ni mimi niliyekuwa nikihema nyuma.

Ili kisa kieleweke, lazima kwanza yaeleweke maji yenyewe. Mto Garonne unaopita Bordeaux na mto Dordogne unaotoka mashariki hukutana mahali paitwapo Bec d'Ambès, na kuanzia hapo hadi baharini maji huitwa Gironde: kiasi cha kilomita 75 za maji mapana yenye rangi ya chai ya maziwa, ambayo karibu na bahari hufikia upana wa kilomita 12. Daraja la mwisho kwa anayeteremka kuelekea baharini ni Pont d'Aquitaine, lililofunguliwa Bordeaux mwaka 1967. Ukishalipita hilo, kama uko ukingo wa kushoto, yaani Médoc, na unataka kufika ukingo wa kulia, kwenye miji ya Blaye na Bourg, una vivuko viwili tu: kimoja kati ya Lamarque na Blaye, na kingine kati ya Le Verdon na Royan, karibu kabisa na bahari. Kuvuka Lamarque huchukua kama dakika 20 hadi 25. Kuizunguka Gironde kwa kupitia Bordeaux ni safari ya siku nzima kwa baiskeli iliyobeba mizigo.

Mpango ulikuwa huu. Tungepanda treni asubuhi hadi Pauillac, tupande kaskazini hadi Saint-Estèphe na kurudi kwa kijibarabara kinachofuata maji, kisha tuelekee kusini kupitia Saint-Julien na Fort Médoc hadi gati la Lamarque, tuvuke, na jioni tuendeshe kilomita kama 15 kutoka Blaye hadi Bourg, ambako nilikuwa nimelipia vyumba viwili. Jumla yake ilikuwa karibu kilomita 55. Hata kwa mwendo wa polepole wa kilomita 13 kwa saa, huo ni muda wa saa nne na kidogo kwenye tandiko, nasi tulikuwa na mchana mzima.

Sehemu ya kwanza haikuwa na kasoro, na nitaipita haraka. Tulishuka Pauillac kama saa 3:30 asubuhi, na jambo la kwanza Mjomba alilolifanya lilikuwa kwenda ukingoni kutazama nguzo za gati, akaona alama ya maji ikiwa bado mbichi juu ya usawa wa maji, akasema, “Maji yameanza kupwa si muda mrefu. Na hili ni bamvua,” yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Nilimwitikia kwa heshima bila kulitilia maanani neno lake, ingawa jioni ilibidi nilirudie. Barabara ya maji kuelekea Saint-Estèphe ilikuwa kimya hivi kwamba tuliweza kuendesha watatu tukizungumza, upande mmoja matete na vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya nguzo ndefu, kila kimoja kikiwa na wavu wa mraba unaoteremshwa kwa roda, upande wa pili mizabibu iliyopangwa kama nywele zilizosukwa.

Ugumu ulianza tulipogeuka kusini, na ulianza na swali ambalo kila mwendesha baiskeli wa Médoc hukutana nalo: ufuate D2, au uikwepe? D2 ndiyo barabara ya fahari, inayopita milango ya mashamba yaliyopangwa kwa madaraja mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Pauillac peke yake ina matatu kati ya matano ya daraja la kwanza, Lafite, Latour na Mouton, ingawa hilo la mwisho lilipandishwa hadhi mwaka 1973 tu. Lakini D2 ni barabara ya kazi pia. Wakati wa mavuno hupita matrekta yenye miguu mirefu yanayotembea juu ya mistari ya mizabibu, matela ya zabibu, magari ya vibarua na malori. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji, na kwa kweli wengi huiheshimu, ila kupitwa kwa heshima mara mia moja bado ni kupitwa mara mia moja. Niliamua tuikwepe, nikaiambia programu ya ramani ya simu ituchagulie njia tulivu.

Hapa ndipo inapofaa kueleza ardhi, kwa sababu ardhi ilikuwa mshiriki katika kisa. Médoc haina milima. Vilele vyake havifiki mita 50. Ina matuta mapana ya changarawe ambayo mito ilileta zamani za kale, na katikati ya matuta kuna mabonde ya matope ambayo wahandisi Waholanzi waliyakausha kwa mifereji katika karne ya 17. Mzabibu hupenda changarawe kwa kuwa maji hayatuami na mizizi hulazimika kwenda chini sana, na wenyeji husema shamba zuri ni lile linaloona mto. Basi ramani ya simu, ilipoambiwa itafute ukimya, ilitutoa kwenye lami na kutuingiza katikati ya mashamba hayohayo bora, juu ya njia za matrekta zilizotandikwa changarawe ileile iliyoyapa jina. Kwa tairi pana za baiskeli ya mizigo ya nyumbani isingekuwa tatizo. Sisi tulikuwa na tairi nyembamba za kukodi. Pancha ya kwanza ilitupata kabla ya Saint-Julien, kwenye baiskeli ya binamu, nasi tukabadilisha mpira wa ndani kwa dakika 25 na kutumia mpira pekee wa akiba tuliokuwa nao.

Tukiwa tumekaa pale kando ya njia, Mjomba alinyoosha mkono kuchuma zabibu moja aionje. Nilimzuia na kumsimulia habari ambayo siwezi kuiacha hapa, kwa kuwa ilitokea Saint-Julien hiyohiyo. Katika miaka ya 1880 ukungu wa mildew, uliotoka Marekani, ulikuwa ukiyamaliza majani ya mizabibu. Mwaka 1882 profesa wa elimu ya mimea wa Bordeaux, Pierre-Marie Alexis Millardet, aliona kwamba mizabibu ya kando ya barabara ilikuwa na majani mabichi huku ya ndani ikikauka. Ile ya kando ilikuwa imepakwa dawa chungu ya shaba ili wapita njia wasiibe zabibu. Kutokana na hila hiyo ya kuwafukuza wadokozi alitengeneza mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa, akautangaza mwaka 1885, na unatumika duniani hadi leo. Mjomba aliurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali, akasema, “Kumbe walimtegea mwizi wakampata daktari.”

Tulifika Fort Médoc saa 9:30 alasiri, tukiwa nyuma ya ratiba kwa kiasi cha nusu saa tu. Ngome hiyo ni kazi ya Vauban, mhandisi wa mfalme Louis wa 14. Maji mahali hapa ni mapana kuliko mizinga ya zama zile ilivyoweza kufika, kwa hiyo aliweka ngome tatu zinazosaidiana: ile kubwa ya Blaye upande wa pili, iliyojengwa kati ya 1685 na 1689, ndogo juu ya kisiwa cha Pâté katikati, na hii ya Médoc upande wetu. Zote zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Nilidhani tungetazama kwa dakika 20 na kuondoka, kwa kuwa hadi gati la Lamarque zilibaki kilomita kama tano.

Mjomba hakuitazama ngome. Alisimama ukutani upande wa maji, akatazama tope, akakunja uso. Kwa hesabu yake, maji yaliyokuwa yamejaa Pauillac kabla ya saa 3 asubuhi yalipaswa kumaliza kupwa saa 9 alasiri, saa sita na robo baadaye, kama yalivyofanya maisha yake yote Mtongwe. Sasa ilikuwa saa 9:30, na maji yalikuwa yakiendelea kupwa kwa kasi. “Hebu tungoje yageuke,” alisema, “ni robo saa tu.” Hakuna mpwa anayemwambia mjomba wake mvuvi kwamba hajui maji. Tulikaa. Baada ya robo saa alisema robo nyingine. Binamu alinunua chai. Maji yaligeuka karibu saa 10:45.

Mjomba hakukosea kuhusu bamvua, maana siku za mwisho wa Septemba huleta bamvua kubwa za mwaka. Kilichompotosha ni umbo la mahali. Baharini, kujaa na kupwa hukaribia kulingana. Lakini mawimbi ya bamvua yanapoingia kwenye mlango mrefu unaozidi kuwa mwembamba na wenye kina kidogo, maji ya kujaa hubanwa na kupanda kwa haraka, kisha kupwa huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu maji ya mito nayo yanasukuma kuelekea baharini. Juu zaidi, kwenye Garonne na Dordogne, kubanwa huko hufika mahali pa kuzaa wimbi linalopanda mto kinyume, ambalo wenyeji huliita mascaret na vijana hulipanda kwa ubao. Mimi nilijua mascaret, nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, na bado halikunijia akilini kwamba jambo lilelile ndilo lililokuwa likituweka ukutani kwa saa moja na robo.

Tuliondoka saa 11 kamili. Hata wakati huo, kama tungerudi kwenye lami, tungefika Lamarque kwa dakika 25. Lakini simu ilikuwa bado ikitafuta ukimya, nami nilikuwa bado nikiitii. Kilomita moja na nusu baada ya ngome tuliingia tena kwenye changarawe, na pancha ya pili ikampata Mjomba. Safari hii hakukuwa na mpira wa akiba, ila viraka na gundi. Kiraka cha kwanza hakikushika. Cha pili kilishika baada ya sisi kutafuta maji ya kuzamisha mpira ili tuone tundu, tukasaidiwa na vibarua wa mavuno waliokuwa wakifunga kazi. Tukashuka kwenye gati la Lamarque saa 12:40 jioni. Kivuko kilikuwa tayari mita kama 300 ndani ya maji, taa zake zikiwashwa.

Sikufadhaika mara moja. Nilikuwa na picha ya ratiba kwenye simu, na picha ilionyesha kwamba ipo safari nyingine baadaye. Binamu ndiye aliyeisoma mstari wa juu. “Kaka,” akasema, “karatasi hii ni ya Agosti.” Ratiba ya kivuko hiki hubadilika kwa msimu, nilikuwa nimeipiga picha nilipopita kiangazi, na sikuitazama upya.

Uamuzi ulitakiwa haraka, kwa kuwa ilibaki saa moja tu kabla ya jua kuzama. Njia ya kwanza, kuzunguka Bordeaux usiku, niliitaja kwa aibu tu. Ya pili ilikuwa kukimbilia kituo cha treni cha Moulis-Listrac, kama kilomita nane ndani ya nchi kavu, turudi Bordeaux tulale nyumbani na kuachana na siku ya pili. Niliipendelea hiyo, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na iliniondolea fedheha. Ya tatu ilikuwa kulala karibu na kuvuka asubuhi. Mjomba aliuliza swali moja: vizibao vya kuakisi mwanga ni vingapi? Vilikuwa viwili. Sheria inamlazimu mwendesha baiskeli kukivaa nje ya mji usiku au mwanga unapofifia, lakini sheria haikuwa hoja yake. Hoja yake ilikuwa kwamba yupo mmoja ambaye dereva hatamwona, na huyo angekuwa ama mgeni ama mtoto wa kike. Tulipata vyumba katika nyumba ya wageni umbali wa kilomita nne, euro 110. Vya Bourg, euro 96, vilikwenda na maji.

Usiku ule nililala nikilipanga upya lile la mchana, na nilianza kwa kulaumu pancha. Ni rahisi kulaumu pancha. Lakini nikiziondoa pancha zote mbili kwenye hesabu, bado tungefika gatini tukiwa tunaamini kuna safari ambayo haikuwepo, na siku nyingine tungeikosa kwa sababu nyingine. Nikiuondoa muda wa kungoja maji, pancha mbili zingetosheka ndani ya akiba tuliyokuwa nayo. Nikiiondoa karatasi ya Agosti, nadhani mambo yote mengine yangejirekebisha yenyewe, kwa kuwa ningekuwa na saa ya mwisho kichwani na ningemwambia Mjomba pale ukutani, kwa adabu, kwamba maji yatageuka hata tusipoyatazama.

Kwa nini, basi, sikuitazama ratiba upya? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninaloliamini halinipendezi. Nimekulia karibu na kivuko. Likoni, Mombasa, feri huenda na kurudi mchana na usiku. Ukiikosa moja unaiona nyingine ikija, na kero yake ni msongamano wa watu. Mtu aliyelelewa hivyo hukihesabu kivuko kuwa kipande cha barabara ambacho kwa bahati kinaelea. Kwenye karatasi yangu ya mpango niliandika kilomita za kila kipande, na kwa maji nikaandika “Lamarque–Blaye, dakika 25”, kana kwamba ni kipande kingine cha lami. Safari za hapa ni chache kwa siku. Kipande hicho ndicho kilichopaswa kuandikwa kwanza, kwa saa yake, na vingine vyote vihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo: saa ya kutoka ngomeni, saa ya kutoka Saint-Julien, na mahali pa kuizima simu na kurudi D2 hata kama ina kelele. Vauban alihangaikia namna ya kuufunga upana huuhuu wa maji, akahitaji ngome tatu. Mimi nilidhani unafunguka wenyewe.

Na hapo namtendea Mjomba haki: kosa lake na langu lilikuwa moja. Yeye alileta saa ya maji ya Mtongwe, mimi nilileta saa ya feri ya Likoni.

Nilishika ratiba mpya, tukavuka asubuhi ya Jumapili, maji yakiwa yamejaa hadi kingoni. Mjomba alishangaa kuambiwa alipe, yeye na baiskeli yake, maana Likoni atembeaye kwa miguu havukishwi kwa pesa. Kutoka Blaye tulifuata barabara ya chini kupitia Plassac, Roque de Thau na Gauriac, ambako nyumba zimeegemea mwamba wa chokaa na bustani zake ziko ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa maji. Sijawahi kuendesha mahali pa utulivu kama pale. Kwa saa nzima tulipitwa na magari manne, niliyahesabu, na nina hakika kwamba jioni ya Jumamosi, tukiwa tumechoka na mwanga ukififia, tusingeona hata robo ya tuliyoyaona. Tulikula Bourg, mji ambao bado huitwa Bourg-sur-Gironde ingawa maji yanayopita chini yake leo ni ya Dordogne, tukapanda treni Saint-André-de-Cubzac, na saa 10 alasiri tulikuwa Bordeaux.

Kwenye treni Mjomba alikuwa ameomba kalamu, akaandika saa ya kujaa aliyoiona gatini, akaongeza muda mrefu wa kupwa alioupima Fort Médoc, na kupata saa ambayo maji yatageuka. Hakuweka hesabu ya kwamba Bordeaux iko mbali zaidi na bahari, na huko maji huchelewa zaidi kugeuka. Saa 1 usiku binamu alinipigia simu kutoka ukingo wa Garonne. “Kaka, njoo na koti,” alisema. “Baba amekaa hapa tangu saa 12, maji bado yanapwa, na anasema haondoki.”